Cheti cha Koo Kavu

Wanyofu hawapendelei. Hilo ndilo jambo la kwanza mgeni huambiwa akivuka mpaka wa nchi ya Unyofu, kisha huonyeshwa mifano. Mimi nilionyeshwa mwamuzi wa mpira aliyechaguliwa kwa sababu hakuwahi kuona mpira. Nilionyeshwa fundi viatu anayetembea peku, ili asije akaipendelea kazi ya mikono yake. Katika hospitali kuu nilielezwa kwamba daktari aliyewahi kuugua malaria haruhusiwi kutibu malaria, kwa kuwa anaujua ugonjwa huo kwa upande mmoja tu. Wagonjwa hutibiwa na vijana walioletwa kutoka milima ya baridi, ambao huuliza kwa heshima, "Unasema unatetemeka. Kwa nini?" Nilitaka kujua ni wagonjwa wangapi wanaopona. Niliambiwa kwamba takwimu hizo hukusanywa na watu wasiojua hesabu, ili zisipindishwe.

Sitaeleza nilivyofika huko. Njia ilikuwa ndefu na haikuwa na la kufundisha. Nitaeleza habari za Mto Lukwa, kwa kuwa huo niliupima mwenyewe.

Sheria ya Mito ya Unyofu ni fupi. Inasema kwamba mtu aliyekunywa maji ya mto fulani hana ruhusa ya kuushuhudia, kuusimamia wala kuuamulia jambo lolote, kwa sababu ana maslahi nao. Doa la kunywa hufutika baada ya siku mia saba. Sheria hiyohiyo inaagiza kila mto uwe na bodi ya watu wanaoishi kando yake na ambao hawajanywa maji yake. Kwa kuwa wanaoishi kando ya mto hunywa, bodi zote za nchi zimebaki bila watu, na kazi yake hufanywa kwa muda na Ofisi ya Kutegemeza Mito iliyoko mji mkuu. Nilipofika, muda huo ulikuwa umetimiza miaka thelathini na mmoja.

Mkurugenzi wa Ofisi hiyo, Bwana Nasibu Mlingo, alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini na meza isiyo na kitu juu yake.

"Umekunywa?" aliniuliza kabla ya salamu.

"Wapi?"

"Popote katika Lukwa."

Nilimwambia kwamba nimeingia nchini jana na kilichopita kooni mwangu ni chai ya hoteli. Akapiga simu hotelini. Ilithibitishwa kwamba maji ya chai yalitoka kisimani, upande wa pili wa milima. Bwana Mlingo akafurahi, akatoa Cheti cha Koo Kavu, akakigonga mihuri miwili na kunikabidhi kwa mikono yote miwili.

"Litunze koo hilo, ndugu mgeni," alisema. "Mwezi ujao kuna shauri kuhusu Lukwa, na mashahidi wenye koo kama lako ni adimu sana."

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Kijiji cha Kichwani, ambako mto unaanzia, kina kikundi cha watu thelathini na wawili kiitwacho Jicho la Maji. Kwa miaka kumi na tisa watu hao wamekuwa wakisafisha chemchemi, kuzuia ng'ombe wasiikanyage na kupanda mikuyu kuizunguka, bila kuagizwa na mtu. Ofisi ilipopata habari zao, ikaamua kuwategemeza. Nilimwomba Bwana Mlingo anieleze iliwategemezaje, naye akafungua jalada. Walipewa fulana thelathini na mbili. Walipewa mafunzo ya siku tano ya kuupenda mto, yaliyotolewa na mkufunzi ambaye, kwa usalama, hakuwahi kuuona mto. Na miaka mitano iliyopita Ofisi iliwapandia mikaratusi elfu nne na mia mbili kuizunguka chemchemi.

"Mikaratusi hunywa maji mengi," nilisema.

"Hukua haraka," alijibu. "Mgeni rasmi akija mwaka wa kwanza anaona miche, mwaka wa tatu anaona msitu. Huo mkuyu utamwonyesha nini?"

"Wao wenyewe waliomba nini?"

Akapekua karatasi. "Majembe kumi na manne, waya wa uzio, na miche ya mikuyu."

"Mbona hamkuwapa?"

Aliniangalia kwa huruma. "Waliomba, ndugu yangu. Anayeomba kitu ana maslahi nacho."

Sasa kikundi kilikuwa kinaomba ruhusa ya kuing'oa mikaratusi. Ombi likikataliwa, haliwezi kuletwa tena kabla ya miaka saba. Nikaenda Kichwani nikiwa na katoni mbili za maji ya chupa nilizopewa na Ofisi, na kijiti changu cha kupimia.

Mwenyekiti wa Jicho la Maji ni Bi Sikudhani, mkulima wa maharage aliyekwisha pita miaka sitini, mfupi, asiyesimama mahali bila kufanya kazi. Nilimkuta na wenzake watano wakizibua mfereji. Chupa niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa imekwisha, na kata ya maji ilikuwa karibu yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Cheti unacho?"

"Ninacho. Naomba maji kidogo."

"Hupati," alisema, na kata ikaondolewa.

"Mama Siku, mgeni atazimia," alisema mmoja wa wanawake.

"Azimie. Akizinduka atakuwa bado shahidi."

Waliniletea maziwa, lakini kabla sijayagusa mtu mmoja akauliza ng'ombe mwenyewe amekunywa wapi. Likazuka jambo la kujadiliwa. Wengine walisema kilichopita tumboni mwa ng'ombe ni cha ng'ombe. Wengine walisema Bwana Mlingo hatashindwa kuyafuata maji hata humo. Baada ya nusu saa maziwa alipewa paka, na mimi nikapewa ndizi. Katoni zangu zilifungiwa ndani kwa Bi Sikudhani, na kwa siku kumi na moja uji wangu ulipikwa kwa maji ya chupa, yakipimwa kwa kikombe.

Kila asubuhi nilipima kina cha chemchemi mahali palepale. Siku ya kwanza kilikuwa sentimita arobaini na moja, na siku ya kumi na moja thelathini na nane. Pembeni kuna mwamba ambao kikundi kimechora mstari kila mwisho wa kiangazi kwa miaka kumi na tisa. Niliipima mistari hiyo yote. Kumi na minne ya kwanza iko kati ya themanini na sita na tisini na mbili. Kisha mikaratusi ikapandwa, na mistari iliyofuata ni themanini na minne, sabini na tano, sitini na mbili, hamsini. Mwaka huu ulikuwa thelathini na nane. Anayejua kutoa ataona kwamba ilibaki miaka mitatu na kidogo, na kwamba shauri likishindwa halirudi kabla ya saba.

Bi Sikudhani aliijua hesabu hiyo bila kijiti changu.

"Mistari ni yetu, kwa hiyo si ushahidi," alisema. "Na sisi tumekunywa, kwa hiyo si mashahidi. Mwaka juzi tuling'oa tisa, tukapelekwa mafunzo ya kuipenda miti."

"Mlifundishwa nini?"

"Kukumbatia. Nikakumbatia mmoja mbele ya mkufunzi. Mikono yangu haikukutana. Mwaka uliotangulia ilikuwa inakutana. Nikajua maji yangu yako wapi."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba visima vitatu vimechimbwa Kichwani na vyote vilitoa vumbi, na kwamba chemchemi ikikauka watu watahama, na yeye hana pa kwenda.

"Ukiulizwa, sema namba tu," aliongeza. "Usituonee huruma hata kidogo. Watakuondoa."

Siku ya kumi na mbili niliufuata mto kwenda chini. Kwenye kilomita ya tisa maji yaliisha. Kwenye ya kumi na nne, katikati ya mchanga mtupu, nilifika kijiji cha Mwishoni, chenye wakazi mia mbili na sita. Maji yao huletwa kwa baiskeli kutoka bonde jingine, saa tatu kwenda na kurudi. Fundi wa baiskeli hizo ni Mashaka, mwanamume mwenye masharubu manene na maneno mengi. Nilimkuta akiziba pancha, huku Bi Zamoyoni, mjane wa kaka yake, amemshikia tairi.

"Lukwa?" alisema Mashaka. "Tunausikia." Alisema hivyo kama mtu anavyomtaja jamaa aliyehamia mjini akasahau kwao.

"Maji yalifika lini mara ya mwisho?"

"Uliza shemeji. Yeye ndiye anayehesabu."

"Miaka mitatu na miezi miwili," alisema Bi Zamoyoni, bila kuinua macho kwenye tairi. "Yalikuja Jumatatu, yakaondoka Alhamisi."

Niliandika, nikaondoka.

Shauri lilisikilizwa mji mkuu mbele ya Jaji Kiluwa, mwanamke mtulivu aliyekuja na maji yake kwenye chupa iliyoandikwa jina la mkoa yalikotoka. Bi Sikudhani na wenzake walikaa nyuma, kwenye benchi la wanywaji. Wanaokaa hapo hawaruhusiwi kusema, ila kukohoa hakujakatazwa.

Shahidi wa Ofisi alikuwa Daktari Pazi, bingwa wa mito.

"Umewahi kuuona Mto Lukwa?" aliuliza Jaji.

"Sijawahi, Mheshimiwa, na nimekuwa mwangalifu. Nikisafiri upande ule huwa nafunga pazia la gari."

"Mto uko katika hali gani?"

"Nzuri."

"Umejuaje?"

"Nchi ina mito tisa. Kati yake nimesoma habari za minane, na wastani wake ni mzuri."

Benchi la wanywaji lilikohoa. Daktari Pazi akapongezwa na Ofisi kwa kazi yake, nami nikaitwa.

Nilionyesha cheti, nikasoma namba. Bwana Mlingo akasimama.

"Napinga, Mheshimiwa. Kijiti cha shahidi kiliingia majini. Kimelowa Lukwa siku kumi na moja mfululizo."

"Kililowa," alisema Jaji. "Kilikunywa?"

"Kina ufa, Mheshimiwa."

Kijiti kikapelekwa mezani. Jaji alikitazama ufa kwa miwani, kisha bila miwani. Baada ya kutafakari aliamua kwamba kulowa si kunywa, lakini kijiti kisiulizwe maoni. Namba zangu zikapokelewa. Mistari ya mwambani ikakataliwa kwa sababu ileile aliyoitaja Bi Sikudhani. Kilichobaki mbele ya baraza kilikuwa upungufu wa sentimita tatu katika siku kumi na moja za kiangazi, na nilipoitazama sura ya Jaji niliona kwamba sentimita tatu hazitoshi.

Bwana Mlingo aliliona hilo pia, akataka kumaliza.

"Ndugu shahidi, wanaolalamika hapa wote ni wanywaji. Malalamiko yao ni kiu tu. Hebu tuambie, katika siku zako zote umemwona mtu hata mmoja asiyekunywa maji ya Lukwa akiyalilia maji hayo?"

"Niliwaona wawili," nilisema, "lakini hali yao ni ya watu mia mbili na sita."

Kikohozi kilikatika.

"Wageni kama wewe?" aliuliza Jaji.

"Wenyeji, Mheshimiwa. Wa kijiji cha Mwishoni."

"Wanaishi kando ya mto?"

"Nyumba ya karibu iko hatua thelathini na saba kutoka ukingoni. Nilihesabu."

"Na hawanywi?"

"Mto haufiki. Hawajanywa kwa siku elfu moja mia moja na hamsini na tano."

Jaji Kiluwa aliomba kitabu cha sheria. Alikisoma kifungu kimoja mara mbili, akasogeza chupa yake ya maji kando.

"Wanaishi kando yake, na hawajanywa," alisema. "Bwana Mlingo, hii ni bodi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja Mto Lukwa umekuwa na bodi halali ya watu mia mbili na sita, na Ofisi yako imekuwa ikifanya kazi yao."

"Hatukujua kama wapo, Mheshimiwa."

"Wao walijua kwamba ni bodi?"

"Hapana," nilijibu.

"Basi hawana upendeleo kabisa."

"Mheshimiwa, watu hao wana kiu," alisema Bwana Mlingo, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Kiu si kosa. Kosa ni kunywa."

Mikaratusi ikawekwa chini ya mamlaka ya bodi. Bodi ilikutana kwenye karakana ya Mashaka, na kikao kilichukua muda uleule uliohitajika kuisoma barua ya Jaji. Kung'oa kulichukua miezi mitano, kwa sababu mkaratusi ukikatwa huchipua na lazima uchimbwe mpaka mizizi. Vijiji vyote viwili vilifanya kazi hiyo kwa majembe tisa na kamba za baiskeli. Ofisi iliulizwa kama inaweza kuwaazimisha majembe. Ilijibu kwamba ingefanya hivyo kwa furaha kama isingeulizwa. Kwenye mashimo wakapanda mikuyu.

Mimi nilikuwa nimekwenda kutazama mikoa mingine, ambako niliyoyaona yanafanana. Niliporudi, masika mbili zilikuwa zimepita, na Kichwani waliniambia maji yamefika kilomita ya kumi na tatu. Nikateremka nao kuyafuata.

Yaliingia Mwishoni asubuhi, kwa mwendo wa kuku, yakisukuma majani makavu na povu. Kijiji kizima kilisimama ukingoni kimya. Mbele yao, kwenye kiti alichokuja nacho, alikaa karani wa Ofisi akiwa na daftari la wanywaji magotini. Bwana Mlingo alikuwa amemtuma awahi. Mjumbe wa mwisho wa bodi akinywa, bodi imekwisha, na Ofisi inarudi kwa muda. Ghalani mwa Ofisi kulikuwa na miche elfu sita ya mikaratusi, imekwisha kumwagiliwa.

Mbuzi mmoja aliinama akanywa. Watu wote wakamtazama karani. Karani akafungua sheria, akasoma, akatikisa kichwa: mbuzi si mjumbe.

"Mnayaangalia kama picha," alisema Bi Sikudhani, aliyekuwa ametembea kilomita kumi na nne. "Tumewaletea maji, nyinyi mmesimama."

"Tukinywa, dada, yule pale anakupandia elfu sita," alisema Mashaka.

"Najua."

"Na tusipokunywa?"

"Nalo najua. Mimi sina la kuwaambia, nimekunywa tangu nizaliwe."

Mashaka alirudi nyuma kidogo, akapotea kati ya watu, kisha akajitokeza juu ya gogo na kuomba usikivu. Alisema kwamba huu ni wakati wa kujinyima. Alisema kwamba mtu mmoja akisimama imara, mto umesimama. Alisema kwamba yuko tayari kuongoza. Alisema vizuri sana, na maji yalikuwa yakimdondoka kutoka kwenye masharubu hadi kifuani.

"Jina kamili?" aliuliza karani.

Kicheko kilikivunja kile kimya, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Waliingia majini na ndoo, na masufuria, na viganja. Akina mama waliwanywesha watoto wachanga kwa vidole. Karani aliandika hadi mkono ukamuuma, akabadilisha mkono. Kabla ya adhuhuri alikuwa na majina mia mbili na matano, akainua kichwa.

Bi Zamoyoni alikuwa amekaa palepale alipokuwa tangu asubuhi, mikono ndani ya kanga.

"Na wewe, mama?"

"Sheria inataka bodi ya watu wangapi?"

Karani akapekua mbele, akapekua nyuma. "Haisemi."

"Basi andika kwamba bodi yote imekaa hapa."

"Shemeji, usifanye utani," alisema Mashaka. "Utaishije? Mto huu hapa, siku zote, mbele ya mlango wako."

"Nimeishi miaka mitano sasa bila mto huu. Sasa nitakuwa nauona, ni nafuu."

Bi Sikudhani alifungua mtungi mdogo aliojifunga mgongoni. "Haya ni ya mvua, ya paa la shule yetu. Tangi limejaa, nasi tutajenga la pili. Mashaka atakuwa anayafuata kwa baiskeli."

"Mimi? Kilomita kumi na nne, tena kupanda?"

"Si ulisema uko tayari kuongoza?"

Karani aliunusa mtungi, akauliza shule ina paa la aina gani, akaandika. Bi Zamoyoni akanywa taratibu, akafuta midomo.

"Yana ladha ya bati."

"Utazoea," alisema Bi Sikudhani.

"Kwa nini nizoee? Leteni na ndimu."

"Ngapi?"

"Mbili kila safari. Na hiyo miche elfu sita," alimgeukia karani, "mwambie Bwana Mlingo bodi imekutana na haiitaki."

Karani aliandika hilo pia, kwa sababu ndiyo kazi yake, akafunga daftari na kukunja kiti chake. Bi Zamoyoni alibaki akiyatazama maji yanavyopita. Hatua chache juu yake Mashaka alikuwa amelaza baiskeli kando ya kijito na kuanza kuuchovya mnyororo uliojaa grisi.

"Mashaka. Hiyo huioshi hapo."

"Lakini shemeji, maji hayajamaliza hata siku moja. Umeshaanza?"

"Nimeanza. Ipeleke kule juu, mbali na ukingo, na maji uchote kwa ndoo."

Mashaka aliangalia kulia na kushoto, akitafuta wa kumuunga mkono. Kila mtu alikuwa akinywa. Akaibeba baiskeli begani, akaipeleka.